Nati Tatu kwa Tairi la Nati Tano

"Nakuuliza tena, Rahim. Lile tairi alilifunga nani?"

Hapo ndipo Jumapili iliyopita tulipomwacha kijana wetu, mgongo umeganda ukutani kwenye korido ya hospitali, mchumba wake Maulida amesimama mbele yake kama hakimu. Nyuma ya mlango wa vioo alilazwa Mbaruku, kaka yake Maulida na rafiki wa Rahim tangu wanasoma, hajitambui. Na ndani ya mfuko wa suruali ya Rahim zilikuwamo nati mbili za tairi.

Nati hizo zilipaswa kuwa kwenye gari.

Kwa anayetufuata kuanzia leo: Rahim ni muuza vipuri wa Nyakato, miaka ishirini na sita, na ana gari, Altezza nyeupe aliyoishusha mpaka kuku hapiti chini yake. Asubuhi ya siku hiyo walikuwa ufukweni, magari ya vijana yamepangwa mstari, wageni wametoka hadi Shinyanga na Bukoba kuja kuonyeshana. Simu ya Mbaruku ikaita. Mama yake, Bi Mastura, ameshuka kivukoni akitokea Kamanga, ana mizigo, jua linamchoma. Alikuwa amevuka ziwa kwenda kuwaalika ndugu wa ng'ambo kwenye ndoa ya Maulida na Rahim, wiki mbili mbele. Gari la Mbaruku lilikuwa limezibwa kwa nyuma na magari sita. Akaomba ufunguo wa Altezza. Rahim akampa.

Haikupita saa moja. Kwenye mteremko wa kuelekea Buswelu, akimrudisha mama yake nyumbani, tairi la mbele kushoto likachomoka. Gari likazunguka, likajipigiza kwenye jabali upande wa dereva.

"Rahim."

"Mbaruku," akasema. "Alilifunga Mbaruku."

Neno lilitoka kabla hajalipima.

"Mbaruku yupi? Huyu huyu anayekaza nati zote halafu anazirudia mara tatu?"

"Alikuwa na haraka. Labda alipitiwa."

Maulida alimtazama. Alitaka kukataa, uso wake ulionyesha. Lakini kwa miaka minne hakuna spana iliyoligusa gari la Rahim isipokuwa ya kaka yake, fundi wa gereji. Akaamini. Alikuwa amezoea kumwamini huyu mwanamume.

Alisukuma mlango wa vioo akaingia. Rahim alimwona akiinama kwenye sikio la kaka yake, midomo ikienda mbio, kidole kikitikisika hewani. Hakusikia alichokuwa akisema. Angekisikia, huenda angeropoka ukweli palepale na mengi yangeokoka.

Ukweli ulikuwa huu.

Alhamisi Rahim alipeleka gereji vipande vinne vya chuma vya kusogeza rimu nje, vile wanavyoviita spesa. Mbaruku alivigeuza mkononi, akamrudishia.

"Hizi sizifungi."

"Kwa nini, kaka? Kila mtu anazo."

"Bolti zako ni fupi. Ukiweka hizi, nati itashika meno mawili, matatu tu. Gari siyo kabati la sebuleni, Rahim, linabeba watu. Breki zako zimekwisha, anza na hizo. Urembo una siku yake."

Rahim akacheka, akasema atazirudisha alikozinunua. Jumapili asubuhi, kwenye ua wa nyumba anayopanga, akapiga jeki akazifunga mwenyewe. Rafiki yake Chenge alikuwa amekaa kwenye ndoo akinywa chai, anamsubiri waongozane. Rimu zilitoka nje, zikakaa sawa na bodi. Rahim alirudi nyuma hatua kumi kuzitazama, moyo ukamjaa kama wa mtu aliyepata mtoto.

Tairi la mbele kushoto ndilo lililomkorofisha. Bolti mbili ziliisha jino akiwa anakaza; spana ikawa inazunguka bila kushika. Akazitoa nati zake mbili, akazitia mfukoni.

Bolti mpya alikuwa nazo, msomaji. Zilikuwa dukani kwake, rafu ya tatu, boksi zima. Lakini kuzibadili ni kazi ya kufungua hadi ndani, na saa mbili na nusu ilikuwa imegonga. Akajiambia, nitafanya kesho.

Na Mbaruku alipokuja kuchukua ufunguo, kinywa cha Rahim kilifunguka kumwambia. Kijana mmoja wa Bukoba alikuwa amechuchumaa hapohapo, anapiga picha rimu ileile. Rahim akaishia kusema, "Endesha taratibu."

*

Sajenti Paskazia wa usalama barabarani alifika saa nane, buti zina vumbi la Buswelu. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, na upole wake ulimtisha Rahim kuliko makelele.

"Nani ndugu wa dereva?"

"Mimi, afande," Maulida akasema. "Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Pole sana." Akafungua simu yake, akawaonyesha picha. "Tairi hili lina bolti tano. Hizi tatu zimekatika leo, mnaona chuma kinavyong'aa? Hizi mbili hazikukatika. Zimeisha jino. Hazikuwa na nati tangu gari linaondoka. Sasa nataka kujua aliyelifunga."

Maulida hakumtazama Rahim.

"Kaka yangu," akasema. "Yeye ndiye fundi."

Sajenti akaandika. Rahim aliusikia ule mkwaruzo wa kalamu kwenye karatasi.

"Na gari ni la nani?"

"Langu," Rahim akasema.

"Wewe ulilikagua baada ya fundi?"

"Sikulikagua."

"Hilo ni kosa lako la kwanza," Sajenti akasema bila ukali. "La fundi ni kubwa zaidi. Mama yake angekufa, ningekuwa naandika kitu kingine."

Wakati huo simu ya Rahim ikatetemeka. Ujumbe wa Chenge. *Nimesikia. Asubuhi niliona kila kitu ila usijali, mimi ni kaburi.*

Rahim aliusoma mara mbili, akaufuta. Neno lile la mwisho halikufutika kichwani.

*

Bi Mastura alikuwa kwenye benchi la wodi ya pili, mkono umefungwa bendeji, paji la uso limeshonwa nyuzi nne. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma kwa sababu cha mbele kilijaa mizigo, na hilo ndilo lililomwokoa. Miguuni pake palikuwa na mfuko wa vitenge vilivyopasuka, zawadi ya bibi harusi kutoka kwa mashangazi wa Sengerema, ng'ambo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa." Akampapasa goti kwa mkono mzima. "Umekula?"

Rahim akatikisa kichwa.

"Mwenzio alikuwa anaendesha vizuri, nikwambie kweli. Pole pole, mpaka watu wanampigia honi. Nikamuuliza, mbona leo unatembea kama umebeba mayai? Akasema, nimekubeba wewe. Mara gari likaanza kutetemeka. Akaniambia, mama shika kiti, nasimama. Hakusema tena. Akauzungusha usukani kuelekea upande wake." Akamgeukia. "Kwa nini ageuzie upande wake, Rahim? Wewe unayajua magari. Angegeuza huku kungekuwa na korongo, sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi alichagua." Machozi yakamtoka taratibu, akayaacha. "Na Maulida ananiambia ni yeye aliyefunga vibaya. Mimi sitaki kusikia hayo. Fundi ni binadamu. Nenda kaswali, umwombee."

Rahim alienda hadi bombani. Akafungua maji, akanawa mikono, akafika kwenye uso akashindwa. Alisimama pale maji yanamwagika mpaka mzee mmoja nyuma yake akamuuliza kama anaumwa.

Alipofunga bomba, muuguzi alikuwa anamwita.

"Wewe wa gari. Mgonjwa wenu ameamka."

*

Alimkuta Sajenti Paskazia ametangulia. Pazia la kijani lilikuwa limevutwa kuzunguka kitanda, Maulida na mama yake wako ndani. Rahim akasimama nje ya pazia.

"Mbaruku, unanisikia?" Sauti ya Sajenti. "Sitakuchosha. Tairi la mbele kushoto alilifunga nani?"

Sauti ya Mbaruku ikajibu, kavu, imechoka.

"Mimi, afande."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Nilipitiwa. Rahim hahusiki."

Ewe msomaji, mtu aweza kuvumilia kupigwa, kutukanwa, hata kufungwa. Lakini kubebewa dhambi na uliyemsingizia, hilo halina mgongo wa kulibeba. Rahim alilivuta pazia.

Aliingiza mkono mfukoni, akaziweka nati mbili juu ya meza ndogo, karibu na glasi ya maji. Ziligonga bati, kila mtu akageuka.

"Anadanganya, afande. Yeye alikataa kuzifunga zile spesa. Nilifunga mimi. Bolti mbili zikaharibika, nikampa gari hivyo hivyo, sikumwambia. Na Maulida nilimdanganya."

Kalamu ya Sajenti ilisimama.

"Kwa nini ulisema ni wewe?" Sajenti alimuuliza Mbaruku.

Mbaruku alifumba macho. Uso ulikuwa umevimba upande mmoja, maneno yakitoka nusu nusu. "Maulida alikuja kunisema sikioni. Alidhani sisikii. Nilisikia. Nikajua Rahim ameshasema ni mimi. Nikaona basi, mimi nimeshaumia. Tuumie wote ili iweje, na ndoa wiki mbili?"

Maulida alishika chuma cha kitanda.

"Ulisikia yote?"

"Yote."

"Na lile la mwisho?"

Mbaruku akageuza uso pembeni.

Maulida akamgeukia Rahim. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu korido.

"Unajua nilimwambia nini kaka yangu? Nilimwambia kama ni mmoja wa kufa, bora angekufa yeye kuliko mama. Nimeyasema hayo kwenye sikio la ndugu yangu wa tumbo moja. Kwa neno lako."

"Maulida, nisa…"

"Usiniambie nikusamehe. Sijafika huko."

Sajenti alikuwa bado na kitabu chake mkononi. Hakuandika. Alikuwa akimtazama Mbaruku kama mtu anayeona hesabu haijakaa sawa.

"Mama amenieleza uliendesha pole pole mno," akasema. "Watu wanakupigia honi. Kwa nini? Kama hukujua kuhusu hizo nati?"

Mbaruku aligeuza macho kwenye zile nati mezani.

"Niliziona," akasema.

"Uliona nini?"

"Kivukoni. Nilikuwa napakia mizigo ya mama, kitenge kikaanguka karibu na tairi. Nikainama kukiokota. Nati zilikuwa tatu."



"Ukaondoa gari?" Sajenti akauliza.

"Nilisema nitalitembeza hadi nyumbani, nyumbani nina vifaa. Ningempigia simu Rahim, angetakiwa kuondoka mbele ya wale wageni aje kuhangaika na tairi, wangemcheka, ameitesa roho yake mwaka mzima kwa ajili ya siku ile. Nimefunga magari miaka tisa, afande. Nikajiamini."

Bi Mastura alikuwa ameushika mkono wa mwanawe tangu mwanzo. Sasa aliuachia, akaulaza juu ya shuka kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Uliziona," akasema. "Kisha ukanifungulia mlango, ukaniambia, panda mama."

"Ndiyo, mama."

"Ili tu wasimcheke rafiki yako."

Mbaruku akaanza kulia bila sauti. Bi Mastura alisimama. Alitafuta viatu vyake kwa miguu, akavipata.

"Nitoeni hapa kidogo," akasema. "Sijamkasirikia mtu. Nataka hewa tu."

Maulida alimshika kiuno. Walipofika usawa wa Rahim, binti huyu aliyekuwa awe mke wake wiki mbili baadaye alisema maneno yake kwa mama, wala siyo kwake.

"Mama, ukipata nguvu piga simu ng'ambo. Waambie wasivuke. Hakuna ndoa."

*

Daktari Revocatus aliwakuta wote wanne kwenye korido, kila mmoja na ukuta wake. Alikuwa kijana, amechoka, hakuzunguka.

"Mguu wa kulia hauna damu chini ya goti. Tumejaribu tangu saa saba. Tukiuacha hadi kesho utamwua. Tunaukata jioni hii, kabla ya magharibi. Ana akili zake timamu, lazima akubali mwenyewe na kutia sahihi. Nitamweleza mimi kitaalamu, lakini naomba asikie kwanza kwa mtu wake."

Bi Mastura alifunika uso kwa mkono mmoja uliobaki mzima. Alikuwa ametoka tu kuuachia mkono wa mwanawe. Hakuwa na uso wa kurudi na habari hiyo.

"Mimi nimeshamwambia ya kunitosha leo," Maulida akasema.

Hakuna aliyelitaja jina la Rahim. Hakukuwa na haja.

Sajenti Paskazia akatazama saa yake. "Nakupa dakika kumi," alimwambia. "Mimi nitakuwa hapa mlangoni. Ukitoka tunakwenda kituoni, sitakufunga pingu mbele ya mama huyu."

Rahim akaingia.

Mbaruku alikuwa amegeuza uso dirishani. Kati ya mabati ya nyumba za jirani kilionekana kipande cha ziwa, cheupe kwa jua. Shuka lilikuwa limeinuliwa juu ya miguu yake kwa kitu kama kizimba, asiweze kuona chini.

"Mama amekwenda wapi?"

"Yuko nje. Anapata hewa."

"Hatanisamehe."

"Atakusamehe wewe. Mimi ndiye sijui."

Mbaruku alijaribu kutabasamu, uvimbe ukamzuia. "Gari limebaki kitu?"

"Usiniulize habari za gari, Mbaruku."

"Nauliza tu. Injini ilikuwa nzuri. Springi ndizo tulizozikata mno. Nilikuwa nimepanga baada ya harusi nikuwekee nyingine, tulirudishe juu kidogo, mke na watoto wapande vizuri." Akameza mate. "Ulikuwa hujui. Ilikuwa zawadi yangu."

Rahim alivuta kiti. Alikaa. Aliushika ule mkono wa fundi, kucha nyeusi za grisi isiyotoka, na akaona kama hana haki ya kuushika, lakini hakuuachia.

"Daktari amenituma," akasema.

"Najua. Nimeona mmeingia wengi, ametoka kila mtu, umerudi peke yako." Mbaruku akamtazama. "Sema. Leo tumeshadanganyana ya kutosha."

"Mguu hauna damu. Wamejaribu, kaka. Wakiuacha utakuua." Akasogeza kiti karibu. "Wanaukata leo. Chini ya goti."

Mbaruku alifikiri, paji la uso limekunjamana, kama anavyofanya akisikiliza injini isiyomridhisha. Mkono wake ukakaza vidole vya Rahim.

"Mguu upi?"

"Wa kulia."

"Wa kulia," Mbaruku akarudia. Macho yake yalikwenda kwenye kile kizimba chini ya shuka, yakabaki huko. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ya mtoto anayeogopa kuuliza:

"Kama ni wa kulia tu, Rahim, mbona na wa kushoto siusikii?"